Mlango wa Upande wa Mama

Nianze na ujinga wangu mwenyewe, maana nisipousema mimi watausema watoto wangu, na wao huongeza chumvi. Juma lililopita nilikuwa kwenye kiti changu cha sebuleni, kile ambacho mume wangu anasema kimeshachukua umbo langu, nikanyoosha mkono kuelekea televisheni nibadili chaneli. Televisheni ikakataa. Nikabonyeza tena, ikakataa. Nikaigonga telekomande pajani, nikaipuliza, nikajaribu kwa kidole gumba cha mkono wa pili kana kwamba hicho ndicho kilichosoma. Nilikuwa nimeshaanza kuwalaani watu wa umeme pale binti yangu alipoingia kutoka nje, amejishika mbavu.

"Mama, unataka nini na motoka? Inafunga, inafungula, inafunga, inafungula, inapiga macho mpaka batoto ba jirani banakuja kuangalia!"

Mkononi nilikuwa nimeshika telekomande ya motoka ya mume wangu.

Nilicheka kabla watoto hawajanicheka. Lakini walipotoka nikalisogelea dirisha na kubonyeza mara moja zaidi, safari hii kwa makusudi. Tak. Mlio mfupi, mzito, wa milango minne inayotii pamoja. Sijui ninyi wa rika langu mlibeba mlio gani kutoka utotoni. Wengine watasema king'ora cha mgodini, wengine kinu cha bibi. Mimi nilibeba huo. Nikiusikia, pua yangu inajaa harufu ya vumbi jekundu lililochanganyika na grisi, na ninarudi Dilala, mtaa wa watu wa migodi kule Katanga, katika nyumba yetu ya matofali, moja ya zile za kampuni zilizofanana hata mlevi angeweza kuingia kwa jirani, akavua viatu na kudai chakula.

Papa, Tata Ilunga kwa majirani, alikuwa karani katika ofisi ya mgodi uitwao Mashamba. Kazi yake ilikuwa kalamu na karatasi, lakini alirudi jioni na nyusi nyekundu kama watu wa machimbo, kwa sababu vumbi la barabara ile halikuuliza mtu ana cheo gani. Alitoka kaskazini ya Katanga, na alikuwa mtu asiye na maneno. Simaanishi mkali, hapana. Alikuwa anatabasamu vizuri sana. Ila neno lilipotoka kinywani mwake ulihisi amelitafuta kwanza stoo. Mama naye alizaliwa Manika, mtaa wa jirani, katika familia yenye asili ya Kasai, watu wa biashara, nyumba ambayo watu walizungumza wote kwa pamoja na bado wakasikilizana. Siku papa alipokwenda kujitambulisha kwao, dada mkubwa wa mama, ambaye mimi nilimwita tantine Ntumba, alimvuta mama jikoni akamwambia: "Mado, huyu mutu hasemi. Utaishi na kabati." Mama aliolewa na kabati lake. Lakini neno lile la dada lilimkaa kooni miaka yote kama mwiba wa samaki.

Sasa, motoka. Ilikuwa Korola nyeupe iliyozeeka kwa heshima, iliyotokea Zambia, kwa hiyo usukani wake ulikuwa kuume wakati sisi tunaendesha kuume mwa barabara. Maana yake ni kwamba mama, akikaa mbele kando ya papa, mlango wake ulikuwa upande wa katikati ya barabara, kule magari na pikipiki za taksi-moto zinakopita. Na mlango huo ulikuwa na kilema kimoja: kwa ndani haukufunguka. Kitasa ulikivuta kikaja mkononi kilegevu, kama mkono wa mtu anayekusalimu bila kukupenda. Kwa nje ulifunguka bila shida. Basi kila safari ilikwisha namna moja. Papa alizima injini, akashuka, akazunguka pua ya motoka, akasimama barabarani na kuinua mkono kuzizuia taksi-moto, akafungua mlango. Mama akatoa mguu mmoja, akapanga pagne, kitenge chake, akatoa wa pili.

Kwa kuwa sikuwahi kuona mlango ule ukifunguliwa vingine, mimi nilikuwa na elimu yangu kamili juu ya jambo hilo. Niliamini kwamba magari yote hutengenezwa vile huko yanakotoka: mlango wa mbele wa bibi unafunguliwa na bwana yake tu. Ushahidi nilikuwa nao. Jirani yetu Mama Ngoie, aliyekuwa mjane, tulikuwa tunamchukua kwenda misa kila Jumapili, na yeye alikaa nyuma pamoja nami, akajifungulia mwenyewe. Nikaona hesabu imekubali. Mwenye bwana hukaa mbele na kufunguliwa. Aliyefiwa na bwana hukaa nyuma na kujifungulia. Sikumwuliza mtu, kwani nani anauliza kitu anachokijua?

Kule kanisani, Manika, wamama wa parokia hawakujua habari ya kitasa. Walichoona ni mwanaume wa suti ya kijivu akizuia barabara nzima kwa mkono mmoja ili bibi yake ashuke. Walisimama kwenye ngazi za kanisa wakitazama kama watu waliolipa kiingilio.

"Eh, muone bwana ya Mado! Na wa kwangu ananiachaka ndani, ananiambia nifunge dirisha."

"Anamufunguliaka kila siku?"

"Kila siku, mi najionea. Hata siku ya mvula."

Na tantine Ntumba, yule wa kabati, alikuwa kati yao, midomo ameikunja. Siku moja nilimsikia akimwambia mama, kwa sauti ya mtu anayerudisha sahani ya kuazima: "Basi, hasemi. Lakini anafanya." Mama akajibu, "Njo vile anazoeaka," akarekebisha kilemba ambacho hakikuwa na kasoro. Neno juu ya kitasa hakulisema. Hata Mama Ngoie, aliyekuwa na mdomo usiojua kupiga hodi, hakulisema, na hilo ni la ajabu kuliko yote. Nadhani alipenda kiti chake.

Ndivyo mambo yalivyokuwa hadi papa alipoingiwa na tamaa. Pale kazini, magari ya wenzake yalikuwa yameanza kupiga macho. Mtu anatembea zake, haangalii hata nyuma, anabonyeza kitu mfukoni, na motoka inamjibu. Papa alikuwa bado anazunguka Korola yake, mlango baada ya mlango, akisukuma vifungo chini kwa kidole, kisha akirudi kuhakikisha. Sokoni wezi walishamfungulia mlango mmoja aliousahau, wakachukua mwavuli na samaki. Usiku mmoja kwenye meza alisafisha koo, na sisi tukaacha kutafuna, kwa sababu hilo lilikuwa tukio.

"Nitaweka ile kintu ya kufunga milango yote mara moja," akasema. "Na telekomande."

Mama akasema ni vizuri. Wakati huo hakuona hatari.

Fundi Kasongo alifika Jumamosi asubuhi, na katoni ndogo kwapani. Alikuwa fundi wa umeme wa magari, mwembamba, mwenye kuimba nyimbo za kanisa huku msumari mdomoni. Ndani ya katoni kulikuwa na vimotori vinne, kila kimoja kirefu kama kidole cha mtu mzima na chenye fimbo nyembamba ya chuma inayoingia na kutoka, fungu la nyaya za rangi, kisanduku cheusi, na telekomande mbili zinazong'aa. Akatandika gunia, akaanza kuivua milango mbao zake za ndani. Kila ubao ulipotoka vumbi jekundu lilimwagika chini kama unga. Pamoja na vumbi vilitoka vitu ambavyo milango ilikuwa imevila kwa miaka: kichana, maganda ya karanga, kifungo cha suti ya papa, na medali ya Bikira Maria ambayo Mama Ngoie, aliyekuwa ameegemea ukuta wa uwanja wake akisimamia kazi isiyomhusu, alidai ni yake kabla hata haijafutwa.

Fundi alikuwa mtu wa kueleza. Akamwonyesha papa kwamba kimotori cha mlango wa dereva kina nyaya nyingi kuliko vingine. "Hii ya dereva njo inasema, Tata. Hizi zingine zinasikia tu. Dereva akifunga, zote zinafunga."

"Mu hii nyumba," Mama Ngoie akasema toka ukutani, "mulango ya Tata Ilunga njo itasema? Basi hiyo kintu ni ya nguvu kweli."

Papa akatabasamu. Alishika bisibisi za fundi na kumpa moja moja, uso wake ukiwa na furaha kama ya mtu anayepokea pacha. Kimotori kinafungwa kwa skrubu kwenye chuma cha mlango. Fimbo yake inabanwa pamoja na ile fimbo ya zamani inayopandisha na kushusha kifungo. Nyaya zinapenyezwa kwenye mpira ulio kati ya mlango na mwili wa gari ili zisikatike mlango ukifunguka. Niliyajua hayo yote kabla ya kujua jedwali la saba. Mchana fundi akasema tujaribu. Papa akabonyeza.

Milango mitatu ikafunga. Ule wa mama ukafunguka.

Akabonyeza tena. Mitatu ikafunguka, wa mama ukafunga.

"Hiyo motori," Mama Ngoie akasema, "inajua ni nani eko anakaa pale."

Hata papa alicheka kwa sauti. Fundi alieleza kwamba ni nyaya mbili tu, ameziunganisha kinyume. Akazibadilisha, na safari hii milango yote minne ikasema tak kama kwaya iliyofanya mazoezi. Papa alibonyeza, akabonyeza, akarudi nyuma hadi kwenye jiko la mkaa, akabonyeza kutoka kule. Alituangalia kuona kama tumeona.

Mama alikuwa ametoka na chai kwenye sinia. Ndipo fundi, kwa moyo wake mzuri, akiwa bado amechuchumaa mbele ya mlango wa mama ulio wazi matumbo, akasema:

"Tena, Mama, nimekupa zawadi. Hii kitasa ya ndani, haikuwa imekufa. Ilikuwa imetoka tu mu kashikizo kake." Akainua kipande cha plastiki kidogo kuliko punje ya hindi. "Nimeweka kapya. Vuta, uone."

Mama hakuvuta. Papa aliingia, akaufunga mlango, akavuta. Mlango ukafunguka.

"Sasa Mama atakuwa anajifungulia yeye mwenyewe," fundi akasema.

"Muzuri sana," papa akasema.

"Aksanti, fundi," mama akasema, akaweka sinia juu ya paa la motoka na kurudi jikoni. Mama yangu, ambaye alinifundisha kwamba hata karatasi haiwekwi juu ya motoka kwa sababu itachubua rangi. Ukutani, Mama Ngoie alikuwa anatazama mlango wa jikoni.

Jioni bukari, ugali wetu, lilikuja na madonge. Jambo hilo halikuwahi kutokea nyumbani kwetu, na papa alilila hivyohivyo. Telekomande aliiweka kando ya sahani yake, na kila baada ya matonge machache aliigusa, na kule nje ikajibu. Mama alikuwa ameshapiga pasi pagne ya kesho, ile ya kijani yenye maua makubwa.

"Kesho Ntumba atakuwa kwa misa," akasema.

"Eh," papa akasema.

"Eh tu?"

Papa akafikiri. "Eh. Umusalimie."

Mimi mwenyewe nilikuwa nafinyanga tonge lilelile. Tangu mchana nilikuwa nikiipiga hesabu yangu na jibu likija lilelile. Mama sasa anajifungulia. Wanaojifungulia ni wale waliofiwa. Na papa ameita fundi mwenyewe, ameshika bisibisi mwenyewe, amecheka. Machozi yakaanza kuingia kwenye sombe, kile kisamvu chetu.

"Nini tena?" mama akauliza.

"Papa atakufa lini?"

Papa aliacha kutafuna. Nikawaeleza. Niliwaeleza yote, kwa kamasi na kwikwi: mlango wa bibi, Mama Ngoie wa nyuma, kimotori kilichokuja kuchukua kazi ya papa, na kwamba tantine Ntumba akiona kesho mama anajifungulia atajua papa ameshaanza kufa. Nilitegemea watacheka. Mama aligeuza uso upande wa ukuta. Papa alinitazama mimi, kisha akamtazama mama kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma barua iliyoandikwa kwa lugha anayoijua nusu.

"Kula," akaniambia polepole. "Sikufi."

Ni hilo tu. Telekomande hakuigusa tena usiku ule, lakini pia hakumwambia mama kitu, na mama hakumwuliza. Nyumba zetu zile kuta zake nyembamba. Kama wangezungumza ningesikia. Nililala nikiomba betri ife.

Asubuhi betri ilikuwa nzima. Tuliondoka kama kila Jumapili: papa kuume, mama kushoto, Mama Ngoie nyuma ya papa, mimi nyuma ya mama. Papa alipotoa motoka uani milango ilijifunga yenyewe, tak, na Mama Ngoie akasema Yesu Maria. Mama alishika mkoba wake kwa mikono miwili, macho mbele, hadi Manika.

Pale mbele ya kanisa wamama walikuwa wameshajipanga kwenye ngazi, na tantine Ntumba katikati yao, kilemba chake kikubwa kuliko vyote. Papa aliegesha, akazima injini, akabonyeza. Tak. Vifungo vyote vinne vikaruka juu. Papa akashuka, akaweka koti sawa. Mama Ngoie akajifungulia, akashuka, akasimama kando kunyoosha mgongo. Papa akaanza kutembea kuelekea kanisani.

Mama hakusogea.

Nilisubiri. Nikaona mama anajua nisilolijua, kisha nikaona hapana, labda amesahau kwamba mlango wake umepona. Basi nikajipenyeza katikati ya viti, nikanyoosha mkono kwenye kitasa chake nimsaidie. Mama alinipiga kakofi kadogo kwenye vidole.

"Acha," akasema bila kugeuza kichwa. Ndani ya motoka joto lilikuwa limeanza kupanda, na tone la jasho lilikuwa linashuka nyuma ya sikio lake kuelekea kwenye kola aliyoipiga pasi mara mbili.

Papa, kwa mazoea yake mapya, alinyoosha mkono nyuma bila kuangalia na kubonyeza. Tak. Akatufunga ndani. Kwenye ngazi mtu akacheka. Papa akageuka, akatuona, akashtuka, akabonyeza tena. Tak. Akangoja. Mama alikuwa anatazama kioo cha mbele kana kwamba kuna picha inaonyeshwa pale. Papa akadhani chombo kimegoma. Akafunga tena, akafungua tena, motoka ikapiga macho mbele ya parokia nzima.

"Mado," akaita, "iko wazi! Vuta tu!"

Mama akaukaza mkono kwenye mkoba wake. Tantine Ntumba akashuka ngazi moja ili aone vizuri. Nilimwona akimnong'oneza wa kando, na yule wa kando akaweka mkono mdomoni. Kengele ya misa ikapigwa. Mama alifumba macho, na kwa mara ya kwanza nikaelewa kwamba watu wazima nao huomba vitu vidogo.

Papa alirudi hadi kwenye pua ya motoka akasimama. Alikuwa mtu wa polepole, nimesema. Akatazama telekomande mkononi. Akamtazama mama kupitia kioo. Akanitazama mimi, na nadhani hapo ndipo bukari la jana, pamoja na madonge yake, lilipomfikia. Akaufungua mfuko wa ndani wa koti, akaitumbukiza telekomande humo, akafunga na kifungo juu yake. Kisha akazunguka. Akaenda akasimama barabarani, akainua mkono, na taksi-moto zikakanyaga breki, moja ikamtukana. Papa akashika kitasa cha nje na kukivuta.

Mama alitoa mguu mmoja. Akapanga pagne. Akatoa wa pili.

"Aksanti," akasema, kwa sauti ambayo hata mimi sikuwa nimewahi kuisikia nyumbani.

Papa akafungua kinywa. Nilifikiri labda siku imefika na neno litatoka. Halikutoka. Alimpa mama mkono, mama akaushika, wakawa wamesimama pale katikati ya barabara, wamezuia Manika nzima, na kule kwenye ngazi tantine Ntumba alikuwa amekunjua midomo, anapiga makofi madogomadogo bila kujua kwamba anapiga. Papa alikuwa anatoka jasho hadi kwenye kola, na Mama Ngoie, aliyekuwa ametazama yote tangu mwanzo huku akijipepea na kitabu cha nyimbo, alimpita mbele ya uso wake na kumwambia, kwa sauti iliyofika mpaka altareni:

"Tata Ilunga, weye uko mujinga kabisa. Fundi ameshinda siku muzima anatoboa motoka yako juu ya kukupunguzia kazi, na kazi ungali unaifanya ileile."